Sanduku Lililompenda Badu

Jumatatu, 4 Mei

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na Badu naye kaingia nayo. Kashuka na begi moja na miavuli miwili, mmoja kampa Baba. Mimi nimeishi na Baba hapa Kumasi maisha yangu yote na sijawahi kufikiria kumnunulia mwavuli. "Mjomba, huu ni wako," kasema, na Baba akaufungua mle mle ndani ya karakana, akawa anacheka peke yake.

Badu ni mtoto wa shangazi yangu wa Tema, dada yake Baba. Kwetu mali ya mtu haiendi kwa mwanawe, inakwenda kwa mpwa. Maana yake siku Baba akifumba macho, karakana hii ya amplifaya, masanduku ya kukuzia sauti tunayoyapeleka matangani, pamoja na meza niliyoinamia tangu nilipoacha shule, ni ya huyu mwenye miavuli. Isipokuwa Baba anigawie mwenyewe akiwa hai, mbele ya ukoo, nami nitoe chupa ya shukrani na waipokee, wainywe. Mama ameshainunua hiyo chupa. Iko chini ya kitanda chake tangu Krismasi.

Wakati wa kula Baba kasema jambo moja tu. "Mvua zikiisha nitawaita watu wa ukoo. Nina neno nao." Hakunitazama. Hakumtazama Badu pia, lakini mwavuli ulikuwa mapajani mwake.

Jumanne, 5 Mei

Badu anafanya kazi huku anapiga mluzi. Hata mluzi wenyewe mzuri.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemaliza sanduku jipya. Transista za zamani hazipatikani tena, soko lote la Kejetia nimelimaliza, kwa hiyo Baba kaleta za aina mpya. Nyaya nimezifunga kama alivyonifundisha: zote pamoja, za kuingiza sauti na za kuitoa, fungu moja kutoka nyuma hadi mbele, uzi mwekundu na mweusi, fundo kila baada ya vidole viwili. Ukifungua kifuniko popote mjini hapa ukaona uzi wa rangi za matanga, hilo limetoka kwa Baba, Mzee Ntim, huna haja ya kuuliza. Mimi ndiye pekee aliyefundishwa lile fundo.

La Badu ukilifungua utadhani kuku katagia mle. Waya huku, waya kule, mwingine unapita juu peke yake kama umesusa.

Kaja akachungulia langu. "Kaka, hili sanduku au mtoto mchanga? Umelifunga mpaka halipumui."

"Lako je? Limelala bila nguo."

Tukacheka, maana binamu lazima wataniane. Mimi nilicheka kwa meno tu.

"Lakini kweli," akasema, "hizi transista mpya zina haraka sana. Ningekuwa mimi ningeulegeza huo uzi."

"Uzi ni wa Baba," nikamwambia. Akarudi kwenye mluzi wake.

Jumamosi, 9 Mei

Matanga mawili leo. Sanduku la Badu limekwenda Asafo, langu Bantama. La Badu limesema tangu asubuhi hadi watu wakakunja viti. Langu, hata msema matanga hajafungua kinywa, bati la kupozea transista lilikuwa la moto kiasi cha kukaanga yai. Alipoanza kusoma majina ya waombolezaji, sauti ikatoka na makwaruzo, kama mzee mwenye kikohozi. Kabla ya saa sita twita zote nne, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimeungua. Wenye msiba wamevaa nyekundu na nyeusi, wananitazama mimi kana kwamba nimemuua marehemu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimebadilisha transista zote. Moto vile vile.

Jumanne, 12 Mei

Nimebadilisha kapasita kubwa za umeme. Vile vile. Mama Hajara, yule wa Zongo anayeuza waakye kwenye kibaraza chetu, kanigombeza. Anasema kila nikiwasha sanduku langu redio yake inakwaruza kama inakaanga samaki.

"Hilo la Badu linawaka siku nzima na redio inasema," kasema, huku anampakulia mteja wali na kunde. "Lako tu."

Ahsante, Mama Hajara. Ndicho nilichokuwa nahitaji kusikia.

Alhamisi, 14 Mei

Sikiliza kisa hiki. Sanduku liko mezani, limewashwa, bila kifuniko, linachemka. Nimeweka kapasita ndogo na rezista pale sauti inapotokea, jinsi wanavyofanya sanduku likiwa na wazimu. Limetulia kidogo, limeanza tena. Nimekwenda kunawa uso. Narudi, namkuta Badu kaingiza mkono ndani.

"Limepoa," ananiambia.

Nikagusa bati. Kweli linapoa. "Umefanya nini?"

"Nimeangalia tu, kaka."

Akatoa mkono, akaenda zake. Mimi nikafunga kifuniko, nikaligonga gonga, nikasubiri. Likaanza kuchemka. Nilitaka kulia. Sanduku nimelitengeneza mimi, risasi ya kuungia nyaya nimeyeyusha mimi, vidole vimeungua vyangu, halafu linamtii yeye.

Jumamosi, 16 Mei

Matanga ya Suame. Sanduku langu limefanya kazi vizuri mwanzo mwisho, ubaridi kabisa. Nimerudi nyumbani naimba. Mama kapika fufu na supu ya mbuzi.

Jumapili, 17 Mei

Nimefungua kifuniko nifute vumbi. Mafundo matatu ya uzi wangu yamekatwa. Yamekatwa kwa wembe, si kwamba yameachia. Fungu limelegea, waya wa kuingiza sauti umening'inia pembeni kama utumbo.

Nimemfuata Badu uani anafua. "Nani kakutuma kukata uzi wangu?"

Hakukataa. "Nilitaka kuona ndani vizuri."

"Huoni bila wembe?"

"Sarpong, kaka yangu, limefanya kazi au halikufanya?"

Mtu anakata kazi yako halafu anakuuliza kama ilifanya kazi. Nimekaa mchana mzima nimefunga upya, fundo moja baada ya jingine, nimekaza kuliko mwanzo.

Jumamosi, 23 Mei

Twita mbili. Badu alikuwepo, akaleta zake za akiba bila kuombwa. Wenye msiba wakamshukuru yeye.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua.

Jumatano, 27 Mei

Mama kaniuliza uani, "Huyo mgeni anaondoka lini?"

"Si mgeni, Mama. Ni mpwa."

"Ndiyo maana nauliza." Akakung'uta ungo wake. "Miaka yote nimempikia baba yako. Siku akiondoka, mimi na wewe tutatoka hapa na bisibisi yako mkononi, basi. Dada yake ataingia na mapazia yake."

Nikamwambia bado kuna chupa. Akasema chupa haijipeleki yenyewe kwenye mkutano.

Jumamosi, 6 Juni

Limefanya kazi. Nimefungua: mafundo manne yamekatwa.

Sasa nimeelewa mchezo wake. Ananifungulia kazi yangu ili siku ya mkutano aseme, mnaona, hata fundo halifungi vizuri. Na akiwa kagusa, sanduku linakaa sawa, ili watu waseme Badu ana mkono. Nimefunga upya. Uzi mwekundu umekaribia kwisha.

Jumanne, 9 Juni

Baba kapita nyuma yangu nikiwa nafunga. Alisimama muda mrefu. Nilidhani atanisifu fundo. Akasema, "Unakaza sana," akaenda kuchukua mwavuli wake.

Jumamosi, 13 Juni

Limeharibika. Twita tatu.

Jumatatu, 15 Juni

Malkia wa wauza nyanya wa Kejetia, kiongozi wao sokoni, amefariki, na matanga yake ni Jumamosi. Ni wa ukoo wa Baba kabisa, upande wa mama yao. Watu wote wa ukoo watakuwepo, na Mzee Bosompem, mkubwa wa ukoo, ndiye atakayekaa katikati. Baba kasema litakwenda sanduku langu.

Badu akasema, "Mjomba, labda tupeleke na langu, likae nyuma la akiba."

"La Sarpong peke yake," Baba akasema.

Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Kisha nimekwenda sokoni nikanunua kufuli ndogo. Nimetoboa kifuniko, nimelifunga. Ufunguo uko shingoni mwangu. Tuone wembe utaingilia wapi.

Ijumaa, 19 Juni

Badu kazunguka sanduku lile mara kadhaa leo. Kaona kufuli. Kanitazama, nikamtazama.

"Kaka, nipe ufunguo nusu saa tu."

"Wa nini?"

"Sarpong, nakuomba."

Sijawahi kusikia akiomba. Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamwambia aende akatagishe kuku wake.

Jumamosi, 20 Juni

Naandika nikiwa na nguo za matanga bado, maana sitaki kutoka chumbani kubadilisha.

Asubuhi mvua ilikatika yenyewe, watu wakasema marehemu ana heshima hata mbinguni. Wauza nyanya wote wa Kejetia walikuja, wanawake mamia kwa mamia, nyekundu na nyeusi uwanja mzima. Mzee Bosompem kaketi katikati na fimbo yake. Baba kaketi kulia kwake. Badu nyuma ya Baba, kashika mwavuli, kana kwamba ndiye aliyezaliwa na Baba na mimi ni fundi wa kukodi.

Nikawasha. Msema matanga akasalimia, sauti ikatoka nzuri, nene, uwanja ukaitika. Nikamtazama Badu. Alikuwa hatazami uwanja, anatazama sanduku. Nikasema moyoni, chungulia sana, leo hujaligusa.

Wakaanza kumwimbia marehemu. Makwaruzo yakaanza hapo hapo. Kwanza kidogo, nikadhani ni koo la mwimbaji. Kisha twita ya kushoto ikalia mlio mmoja mwembamba, ikazima. Ya kulia ikafuata. Nikainama kugusa sanduku, nikarudisha mkono. Nikatafuta ufunguo shingoni, kamba imejifunga kwenye nguo, navuta, haitoki, na wauza nyanya wote wananitazama jinsi ninavyojinyonga. Harufu ikatoka. Kisha moshi. Kisha kimya, na katika kile kimya sauti ya bibi mmoja wa mstari wa mbele ikasikika vizuri sana bila mashine yoyote: "Huyu ndiye mtoto wa Ntim?"

Badu alikimbia. Alirudi na sanduku lake mgongoni, sijui alilificha kwa nani, mbio kwenye matope na viatu vya msiba. Akaunganisha pale pale. Kabla watu hawajamaliza kunong'ona, matanga yakaendelea. Mzee Bosompem akamwita, akamshika mkono, akautikisa. Niliona mdomo wake. Alisema, "Wewe ni wa dada yetu?"

Nimebeba langu nyumbani likiwa bado la moto. Namchukia. Nimeliandika na linabaki hivyo. Namchukia kwa mwavuli, kwa mluzi, kwa kuku wake anayetaga salama. Zaidi ya yote namchukia kwa sababu alikimbia kwenye matope kwa ajili yangu na mimi nisingekimbia kwa ajili yake.

Nimemsikia Mama akisogeza chupa chini ya kitanda.

Jumapili, 21 Juni

Mvua. Sikutoka.

Jumanne, 23 Juni

Baba kanigongea. "Transista nyingine ziko mezani," kasema kupitia mlangoni. "Zitafanya kazi zenyewe?"

Jumatano, 24 Juni

Baba na Badu wamekwenda Suame kutafuta mabati. Nimebaki na mvua na Mama Hajara. Nimeweka transista mpya, nimefunga uzi wa mwisho niliokuwa nao, nimewasha bila kifuniko.

Redio ya Mama Hajara ikaanza kukaanga. Akaingia nayo kwapani, mwiko mkononi. "Mwanangu, zima hilo jini lako. Wanasoma habari za kakao."

Kila alipopiga hatua kuja mezani, redio ilizidi kukaanga. Nikamwambia, "Simama hapo, Mama." Akasimama. "Rudi nyuma." Ikapungua. "Njoo." Ikazidi.

"Umenifanya mtoto wa kucheza ngoma?" akasema. Lakini akanipa redio.

Nikaipitisha juu ya sanduku polepole. Kwenye transfoma ya umeme, inakwaruza kidogo. Kwenye transista, zaidi. Juu ya fungu la nyaya, pale kwenye mafundo yangu mazuri, redio ikapiga ukelele. Kumbe lilikuwa linaimba. Wakati wote huo sanduku lilikuwa linaimba peke yake, juu kabisa ambako sikio la mtu halifiki. Ndiyo maana lilichemka bila mtu kusema neno, na twita zilikuwa zinaungua kwa wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Nikaomba mwiko, maana ni wa mti na huwezi kuingiza kidole mle. Nikausukuma kati ya waya wa kuingiza sauti na wa kuitoa. Hazikuachana, nilikuwa nimekaza. Nikachukua wembe wangu mwenyewe. Nikakata fundo moja, la pili, la tatu. Nikauinua waya wa kuingiza kwa mwiko, nikauweka mbali. Redio ikasema, wazi, katikati ya sentensi, bei ya kakao kwa msimu huu. Nikauachia ukarudi. Ikakaanga. Nikauinua. Kakao.

"Sasa umekuwa mchawi," Mama Hajara akasema.

Nikakaa chini. Sauti iliyokuwa inatoka ilikuwa inavuja na kurudi kwenye waya wa kuingilia uliolala ubavuni mwake. Sanduku likajisikia, likajijibu, likasikia jibu lake, likajijibu tena kwa nguvu zaidi, mpaka likajiunguza. Transista za zamani za Baba zilikuwa nzito, hazikuwahi kusikia mnong'ono mwembamba namna hiyo. Hizi mpya zina haraka. Badu aliniambia siku ya nne tu tangu afike. Na kila alipokata uzi lilipona, na kila nilipolifunga nilikuwa naliua mimi, kwa mkono wangu, kwa fundo zuri kabisa.

Mtu anayejisikiliza mwenyewe mpaka aungue, huyo namjua. Amevaa shati langu.

Nikaukata uzi wote. Waya wa kuingiza nimeupitisha ukuta wa kushoto peke yake, wa kutoa ukuta wa kulia. Limekuwa baya. Limekuwa kama la Badu.

Baba karudi jioni, kachungulia. "Uzi uko wapi?"

"Nimeukata."

"Wote?"

"Wote, Baba."

Akaweka kiganja juu ya bati la transista, akakiacha hapo muda mrefu sana. Fundo lile kajibunia mwenyewe akiwa kijana, kabla sijazaliwa. "Limepoa," akasema, akaenda kukaa kibarazani, na hata mwavuli hakuufunga.

Jumamosi, 27 Juni

Bantama tena, familia ile ile. Limesema mpaka jioni. Hakuna aliyenishukuru, na ndivyo inavyokuwa sanduku likiwa zima.

Ijumaa, 3 Julai

Mvua zimekatika. Baba katuma watu kuita ukoo.

Jumapili, 5 Julai

Walikuja saba, Mzee Bosompem mbele. Mama alikaa mlangoni, chupa ndani ya khanga yake.

Baba hakuzunguka. "Karakana hii na vyote vilivyomo nampa mwanangu Sarpong, leo, nikiwa na akili zangu."

Mzee Bosompem akagonga fimbo chini. "Ntim, wote tuliona yaliyotokea kwenye matanga ya malkia. Mkono wa kazi tuliuona uko wapi. Uko kwa mpwa."

"Mliona nusu," Baba akasema. "Wiki ya kwanza tu Badu alinijia. Akaniambia, Mjomba, ugonjwa uko kwenye uzi wako. Nikamwambia afunge mdomo, na asilirekebishe. Angelirekebisha yeye, leo mngesema mpwa ndiye fundi, na mngekuwa na haki. Nilitaka Sarpong aone mwenyewe. Ameona. Ameukata uzi wangu mbele yangu." Akamwelekezea Badu kidole. "Lakini huyu hapa hakuweza kuvumilia. Ijumaa nyingine usiku alikuwa anamlegezea uzi, ili asiaibike."

Mimi nilitazama sakafu.

"Badu," Mzee Bosompem akasema, "mwenye haki ni wewe. Ukikataa, neno la mjomba wako haliendi popote. Unasemaje?"

Badu akasimama, akashusha nguo begani kama anavyopaswa mtu anayesema na wakubwa. "Wazee wangu, Mjomba aliniita toka Tema kwa sababu ya siku hii. Mama yangu alinituma nije nilisikie neno lake kwa masikio yangu, nisije nikaleta maneno baadaye. Nimelisikia. Karakana ni ya kaka yangu. Sina neno jingine."

Basi alikuja kwa ajili hiyo. Miezi miwili nimemwekea kufuli mtu aliyekuja kunifungulia mlango.

Mama akatoa chupa. Nikaipeleka kwa mikono miwili. Glasi ya kwanza wakawamwagia wahenga, ya pili wakampa Badu, maana asipokunywa yeye haijapokelewa. Akainywa yote, akakunja uso, akasema, "Kaka, hii Mama Sarpong kainunua wapi? Inaunguza kuliko sanduku lako." Ukoo mzima ukacheka. Mama naye.

Nilipaswa kuwa na furaha peke yake. Nilikuwa nayo. Lakini pia nilikaa pale nikiona jinsi alivyosema vizuri, maneno machache, nguo imeshuka begani sawasawa, na nikajua kwamba mahali pake mimi nisingeweza. Hata karakana yangu kanipa yeye.

Jumanne, 7 Julai

Badu kaondoka asubuhi. Nilimbebea begi mpaka kituoni. Nilitaka kumwambia, nikashindwa, nikamwambia asipige mluzi kwenye gari, abiria watamshusha. Akasema nitamkumbuka. Baba alisimama barabarani na mwavuli wake wazi, na mvua hakuna.

Nimerudi nikakaa kwenye meza yake kuisafisha. Kaacha kibiringo cha mbao. Uzi wangu wote aliokata msimu mzima, vipande vifupi vifupi, mwekundu kwa mweusi, ameuunganisha kipande kwa kipande na kuuviringisha humo, umelala sawa, hakuna hata mmoja uliopanda juu ya mwenzake. Nimechunguza maungio. Ni fundo la Baba. Kalijulia wapi, sijui, labda kwa kutazama kila nilipokuwa nakaza.

Na amelifunga vizuri kuliko mimi.